Nyumba ya bibi Kiponda imeanza kuvuja: kibali cha Mji Mkongwe naanzia wapi?

Mjukuu wa Kiponda

Assalaam alaykum jamani. Naomba mawazo kwa waliowahi kutengeneza nyumba ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, hasa hizi za mawe na chokaa zenye dari za boriti.

Nyumba yetu iko Kiponda, ni ya babu mzaa mama. Ina chini na ghorofa mbili. Bibi ndiye aliyekuwa akikaa humo mpaka Mungu alipomchukua, sasa tumo mama, mimi na wadogo zangu wawili. Masika haya maji yameingia chumba cha juu kilichoelekea kichochoroni. Mwanzo tuliweka ndoo, baadaye tukahamisha kitanda, sasa chumba tumekifunga. Plasta ya ukuta wa upande wa jirani imefura, ukiigonga kwa kidole inalia tupu kama ngoma, na chini yake kila asubuhi tunafagia mchanga pamoja na unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Juzi nilipanda ngazi nikachokoa ncha ya boriti ya pili kutoka mlangoni, pale inapoingia ukutani. Bisibisi ilizama mpaka mpini.

Nimeleta fundi. Kasema ni kazi ya wiki tatu: ang'oe boriti zote za chumba kile, amwage zege la nondo, kuta azibandue apige saruji, na madirisha mawili ya mbao kwa kuwa yamekwisha atie ya aluminiamu ya kusukuma. Bei aliyonipa naiweza nikikopa kidogo. Ila jirani aliyesikia mazungumzo yetu alinivuta pembeni akaniambia hata dirisha halibadilishwi bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na kwamba wapo waliosimamishwa kazi bati likiwa limeshatolewa, mvua ikawakuta hivyo hivyo.

Nauliza: kibali kinatakiwa hata kwa matengenezo ya chumba kimoja? Niende na nini mkononi? Na hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi: karatasi za nyumba bado zina jina la babu. Warithi ni watano. Mama yupo hapa, mjomba mmoja yuko Maskati, mwengine Dubai, mama mdogo yuko London, na mjomba mkubwa yuko Pemba na simu zetu hapokei. Mirathi haijagawiwa.

Fundi anataka kuanza Jumatatu.

Mkaazi wa Vuga

Wa alaykum salaam. Mwambie fundi Jumatatu asije.

Mimi nilivunja baraza ya mbele ili nipate mlango mpana wa duka. Sikuuliza mtu, niliona baraza ni yangu na nyumba ni yangu. Siku ya pili nikaletewa barua ya kusimamisha kazi, na siwezi kumlaumu aliyeileta, kosa lilikuwa langu. Miezi minane mbele ya nyumba kulikuwa na mabati yamesimamishwa, duka halifunguliwi. Mwisho niliijenga upya baraza ileile, kwa mawe na chokaa, urefu uleule. Nililipa mara mbili kwa kitu ambacho kilikuwepo. Mama yangu alikuwa akikaa pale jioni na wenzake, na miezi ile yote minane walikuwa wakija wakisimama kidogo kisha wanakwenda zao. Hilo ndilo lililoniuma kuliko pesa.

Bi Mkubwa wa Malindi

Mwanangu, pole kwa kufiwa na bibi, na pole kwa hayo maji. Nyumba yetu iko Malindi, humu humu Mji Mkongwe, nimeitengeneza miaka miwili kidogo kidogo kwa pesa za mafao yangu. Nimebadilisha boriti kumi na moja, bati lote la upande wa bahari na choo cha juu. Nitakueleza nilivyokwenda mimi.

Kwanza ondoa hofu. Mimi pia nilidhani nikienda kuomba kibali nitakuwa nimejishitaki. Nilikwenda na picha tu kwenye simu, sina mchoro, sina fundi. Kijana aliyenipokea alizitazama zote, akaniuliza suali moja: "Bi mkubwa, haya maji yanatoka wapi?" Nikamwambia yanatoka juu, bati limechoka. Akasema tutakuja tuone.

Walipokuja walikuwa wawili. Mmoja alipanda juu, mwengine akabaki anapapasa ukuta kwa kiganja, kuanzia sakafuni kwenda juu, kama mtu anayempapasa mtoto homa. Bati lilikuwa na matundu, kweli. Lakini ukuta ulikuwa na maji mengi chini kuliko juu. Ikabainika ni bomba la choo cha ghorofa ya pili, lililotiwa ndani ya ukuta zamani, mimi nikiwa skuli. Limekuwa likivuja taratibu miaka na miaka, na ncha za boriti zilizokaa ndani ya ukuta ule zikawa zinaoza moja baada ya moja. Fundi wangu wa mwanzo naye alikuwa ameshaniambia tumwage zege. Tungemwaga, maji yangeendelea kushuka ndani ya ukuta, na juu yake tungekuwa tumeweka mzigo mzito zaidi.

Ndiyo maana nakwambia usiichukulie ile safari ya kibali kama kero ya karatasi. Ile siku ya ukaguzi ndiyo iliyoniokolea nyumba. Mtu aliyeona nyumba mia za aina hii anasimama chumbani kwako, anakuonesha maji yanapotokea.

Karatasi nilizotakiwa mimi zilikuwa nakala ya hati ya nyumba, kitambulisho changu, barua ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa, picha za kila upande pamoja na nje, na maelezo ya kazi kwa maandishi: nini kinatolewa, nini kinarudishwa, kwa vifaa gani. Hayo maelezo usiyaandike kwa mkato. Usiandike "kutengeneza dari". Andika boriti ngapi, chumba gani, unene gani, juu yake utarudisha nini. Kwa sababu nilikuwa nahamisha choo, nilitakiwa na mchoro pia. Mchoraji alipima nyumba siku mbili, maana humu hakuna chumba chenye pembe nne sawa, ukuta mmoja una dhiraa moja na nusu chini na juu umepungua. Kama unarudisha kitu kama kilivyokuwa, mambo huwa mepesi kuliko unapobadilisha. Na majengo hayako daraja moja, mengine yameorodheshwa kwa umuhimu wake, kwa hiyo alichoruhusiwa jirani si lazima uruhusiwe wewe. Nenda ukaulize nyumba yenu iko wapi katika orodha.

Aluminiamu iache, mwanangu. Ule mtaa wenu nimepita tangu mdogo. Madirisha yale ya mbao yanapitisha upepo hata yakifungwa, ndiyo yanayokausha ukuta. Mji huu ulitiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Mamlaka yenyewe ipo tangu 1985, lakini mimi sikubakisha madirisha yangu kwa sababu ya UNESCO. Niliyabakisha kwa sababu chumba kile kinalalika bila feni.

Sasa hilo la kung'oa boriti zote kwa mpigo. Wallahi niliposoma mwili ulinisisimka. Boriti hazibebi sakafu tu, zinazishika kuta mbili zisiachane. Kuta za mawe na chokaa ni nene lakini ndani yake ni mawe madogo madogo yaliyoshikwa na udongo na chokaa, na zikipata maji miaka mingi hazina nguvu ile unayoiona kwa nje. Sisi tuliegemeza dari kwa miti, tukatoa boriti moja, tukatia nyengine, tukajaza ncha zake, ndipo tukaenda ya pili. Kwa siku boriti mbili, siku nyengine moja. Tarehe 25 Disemba 2020 sote tuliona Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la mwaka 1883, upande wake ulipoporomoka mafundi wakiwa kazini. Wawili walifariki. Lile jengo na vyumba vyetu si sawa kwa ukubwa, lakini ni mawe yaleyale na chokaa ileile. Mimi tangu siku ile nikisikia fundi anasema "nitang'oa yote" humwambia chai ipo mezani, kazi hakuna.

Kuhusu warithi, hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, na usiiwache nyuma. Sisi tuko saba. Mimi nilidhani sauti za WhatsApp za ndugu zangu kusema "sawa dada, tengeneza" zinatosha. Hazikutosha, na leo naona ni haki, kwa sababu mmoja alikuja kugeuza maneno. Waliokuwa hapa waliandika barua ya ridhaa, mbele ya sheha. Kaka yangu wa Maskati aliandika hati ya uwakala kunipa mimi nisimamie matengenezo, akaipeleka ubalozi wetu kule ikapigwa muhuri, akaituma kwa mtu anayesafiri. Ilichukua wiki tatu. Katika hati ile tuliandika waziwazi: kutengeneza tu, si kuuza, si kukodisha, si kuweka rehani. Hilo neno "si kuuza" liandike hata kama hakuna aliyekuuliza.

Na mjomba wa Pemba: mwanangu, huyo simu haitomleta. Mtu mzima asiyepokea simu za nyumba ya urithi anaogopa kitu. Mama apande boti aende akae naye.

Kwa sasa, kabla ya kibali, tafuta turubai zito mfunike pale panapovuja, mulifunge vizuri na mawe. Na miti miwili ya kuegemeza iwekwe chini ya ile boriti iliyooza. Mkienda, waambieni pia kuwa mmefanya hivyo.

Mjukuu wa Kiponda

Shikamoo bi mkubwa. Nimesoma mara tatu, nimemsomea na mama, amelia. Fundi nimempigia nimemwambia asije. Turubai tumefunga jana jioni, miti ya kuegemeza tumeazima kwa jirani.

Sijaelewa la saruji. Nyumba nyingi naona zimepigwa saruji na zimesimama. Tatizo ni sura tu au kuna zaidi?

Fundi wa Chokaa

Kuna zaidi, na nitalijibu mimi kwa sababu nimebandua saruji hizo kwa mikono yangu.

Ukuta wa mawe ya matumbawe unakunywa maji. Unayavuta kutoka chini ardhini, unayapata kwa mvua, na ndani yake mna chumvi. Ukiwa umepakwa chokaa, maji yale yanatoka polepole kupitia plasta, jua na upepo vinayachukua. Plasta ya chokaa inachoka, inamong'onyoka, unaibandua sehemu ile unatia nyengine. Yenyewe ndiyo inayokufa badala ya ukuta. Ukipiga saruji umefunga mlango. Maji yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mara nyingi panapopatikana ni kwenye ncha za boriti. Nje unaona ukuta mzuri, mgumu, umenyooka. Mwaka wa sita au wa saba unafura. Ukiubandua saruji inatoka kama bamba zima, na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Nimeshaingiza mkono mpaka kiwiko ndani ya ukuta wa namna hiyo.

Huo unga mweupe wenye chumvi unaoufagia, ndugu yangu, ndio ukuta unajaribu kujikausha. Inawezekana kuna saruji iliyopigwa zamani hapo. Kwaruza uone rangi: ikiwa ya kijivu na ngumu, ndiyo hiyo.

Kazi ya chokaa haitaki haraka. Chokaa tunaizima kwa maji, tunaiacha ndani ya shimo au pipa ikiwa imefunikwa na maji, wiki nyingi, iwe laini kama siagi. Plasta naichanganya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, mchanga wa pwani siutii hata kidogo kwa sababu ya chumvi. Ukuta unaondolewa plasta mbovu, unasafishwa, unarowanishwa. Mkono wa kwanza mwembamba, unaachwa siku kadhaa, kisha wa pili. Jua likiwa kali natundika magunia mabichi mbele yake ili usikauke ghafla ukapasuka. Mwisho unapakwa chokaa ya maji, si rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta nayo ni saruji kwa jina jengine.

Katika maelezo yako ya kibali andika hivi: plasta ya chokaa na mchanga. Usiandike "plasta" peke yake, kwa sababu atakayekuja kufanya kazi anaweza akaisoma anavyotaka.

Na msipige plasta kabla chanzo cha maji hakijazibwa na ukuta haujakauka. Hata chokaa haiwezi kupigana na maji yanayoingia kila siku. Subirini kiangazi.

Mwana wa Lamu

Poleni sana ndugu wa Unguja. Huku kwetu Lamu mambo ni hayo hayo, mji wetu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na boriti na chokaa ndizo zile zile. Nataka kuongeza moja tu, kuhusu boriti zenyewe. Ni za mkoko, na mikoko haikatwi ovyo. Ukinunua, mwulize muuzaji karatasi za misitu na uziweke pamoja na kibali chako cha ujenzi. Nilinunua za bei nafuu siku moja kwa mtu asiye na karatasi, zikazuiliwa njiani na dari nimeshaifungua. Pia zipime kabla hazijafika: boriti ya dari yetu ni mita tatu hivi au chini yake, na hiyo ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba. Ukiletewa fupi kwa shubiri moja haina kazi, maana ncha zote mbili lazima ziingie ukutani vizuri.

Mkaazi wa Vuga

Nimekumbuka na hili, litakusaidia. Hakikisheni kwanza kama nyumba ni milki ya babu kweli na si wakfu. Nyumba nyingi za mjini zinakaliwa na familia vizazi na vizazi kumbe ni wakfu, na hapo wa kuendewa kwanza ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Na kichochoro chenu kama ni kile cha nyuma ya msikiti, gari haliingii. Hesabu gharama ya hamali kubeba mchanga na chokaa, na kifusi kutolewa. Fundi wengi hawaitii katika makadirio.

Mjukuu wa Kiponda

Assalaam alaykum. Nimerudi kuwapa khabari, ni wiki ya tano leo.

Nyumba si wakfu, alhamdulillah, tumehakikisha. Saruji ipo: nilikwaruza kama fundi alivyosema, chini ya chokaa nyembamba kuna kijivu kigumu mpaka usawa wa kifua.

Mama alikwenda Pemba kwa boti ya asubuhi, akakaa siku nne. Mjomba aliambiwa na mtu, hatujui nani, kuwa tunataka kuiuza nyumba iwe hoteli, ndiyo akawa hapokei. Mama hakubishana naye. Alimwonesha picha ya kile chumba, kumbe ndicho alicholala yeye alipokuwa akisoma skuli mjini. Akauliza kama mlango bado una ile alama aliyochonga kwa kisu. Ipo. Amesaini barua ya ridhaa mbele ya sheha wake, na tumeandika "si kuuza" kama bi mkubwa alivyosema. Wa Dubai na wa Maskati wametuma hati zao. Ya London iko njiani.

Wakaguzi walikuja Alkhamis. Na chanzo cha maji hakikuwa pale tulipodhani. Kati ya bati letu na bati la jirani kuna mfereji mmoja wa pamoja, na ndani yake umeota mti. Kutoka chini unaonekana majani tu, lakini mizizi yake imeingia ukutani, mmoja ni mnene kama dole gumba langu. Mfereji umeziba, maji yote ya mabati mawili yanaingia ukutani mwetu. Jirani aliposhuka kutoka juu alikaa kimya, kisha akasema nusu ya gharama ya mfereji ni yake.

Wamesema kwa kuwa tunarudisha boriti kwa boriti na chokaa kwa chokaa, tuwapelekee maelezo na idadi: ni boriti nne tu zilizooza, sita zilizobaki ni nzima. Madirisha tutatengeneza ya mbao kwa kipimo kilekile. Seremala ameshazichukua zile bawaba za zamani azisugue kutu, kasema za shaba kama zile hazipatikani tena.

Swali langu la mwisho: huo mti nikipanda kuung'oa leo kabla mvua haijarudi kuna ubaya?

Fundi wa Chokaa

Usiung'oe! Ukiuvuta unatoka na mawe ya ukuta. Kata shina usawa wa ukuta, toboa kisiki, utie dawa ya kuua magugu, uache mizizi ife humo ndani. Ikishakufa na kukauka ndipo tunafungua, tunatoa kipande kipande, tunajaza kwa mawe madogo na chokaa. Mfereji usafishe leo hii, hilo halingoji kibali. Niandikie pembeni nije Jumamosi tupande pamoja na huyo jirani.